Mjukuu Wangu, Usifute Picha ya Kwanza

Mjukuu wangu, weka simu chini kidogo unisikilize. Sikuja kukugombeza. Ninakuonya kwa sababu ninakupenda, na kwa sababu njia hii ya upigaji picha uliyoishika ninajua inakotokea.

Ninawaona vijana wa hapa Rudewa, wa Batini, wa Gongoni, wa Mbuyuni, kila mmoja ana kamera mfukoni. Hilo ni jema, sina neno nalo. Zamani ukitaka picha ya mtoto ulimvalisha nguo za sikukuu, mkapanda gari hadi Kilosa mjini, mkakaa kwenye benchi la studio mkisubiri zamu. Leo unapiga picha kumi kabla chai haijachemka.

Kinachoniumiza ni kinachofuata hapo. Unaitazama picha kwenye kioo cha simu yako, unaiona imefifia, unaikoleza rangi, unaihifadhi juu ya ile ya kwanza. Kesho unaipeleka stesheneri, kwenye kompyuta rangi zinapiga kelele. Unaipunguza. Unamtumia shangazi yako, kwake imekuwa ya njano. Unaikoroga mara ya tatu. Mwisho wa yote huna picha ya kwanza wala ya mwisho.

Ninakusihi, usiirekebishe picha kwa sababu kioo kimoja kimekuambia ina kasoro. Kioo cha simu hakili kiapo.

Kwanza ujue unachokitazama. Ndani ya simu yako hakuna picha, kuna namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kila moja inaanzia 0 kuishia 255. Ukizichanganya kwa kila namna unapata rangi zaidi ya milioni 16. Kamera kazi yake ni kuandika namba hizo. Kuzigeuza ziwe mwanga wa kuingia machoni mwako ni kazi ya programu iliyofungua picha, pamoja na kioo chenyewe. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Wewe ni mtoto wa mkulima, nitakueleza kwa mahindi. Mtu akikuambia anauza mahindi kumi, utamuuliza: kumi nini? Kisado, debe, au gunia la lumbesa? Kumi ni ileile, mzigo si uleule. Na rangi ni hivyo hivyo. Kijani cha 200, ni 200 ya kipimo gani?

Jibu la swali hilo huandikwa ndani ya faili la picha. Wanaliita profaili ya rangi. Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwamo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda umoja wao, International Color Consortium, ili zikubaliane namna ya kuiandika. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft wakapendekeza kipimo cha vioo vya kawaida, kinaitwa sRGB, na mwaka 1999 kikawa kanuni ya kimataifa. Katikati hapo, mwaka 1998, Adobe wakaleta chao kikubwa zaidi, Adobe RGB. Simu za Apple nazo, tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, zinapiga picha kwa kipimo kingine kipana kinachoitwa Display P3.

Sasa tazama mkanganyiko. Programu moja inasoma profaili, inajua hili ni debe, inakupimia sawasawa. Nyingine haisomi. Inadhani kila kitu duniani ni sRGB. Namba zilizoandikwa kwa debe inazipima kwa kisado: majani yanapauka, kanga nyekundu inachoka, anga inakuwa ya kijivu. Na kama kioo chako ni cha kisasa, chenye rangi pana, na programu haijali, mambo yanageuka. Namba za kisado zinapimwa kwa debe, na bibi harusi anapata wekundu usoni ambao mama yake hakumzaa nao.

Faili ni lilelile, hakuna aliyeligusa.

Namba bila kipimo ni porojo, mjukuu wangu. Ulishike hilo.

Yuko kijana wa jirani anayesindikiza wageni hifadhini Mikumi. Alinunua kamera kubwa ya mtumba, nzuri kabisa. Akapiga picha za tembo kwenye uwanda wa Mkata baada ya mvua, nyasi zimejaa, mwenyewe akaona ametoa kazi. Wageni walipofungua picha kwenye simu zao wakaona nyasi zimefifia. Akadhani kamera imekufa. Alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya kutupa.

Nilimwambia aniletee. Sikuitazama kamera, nilitazama majina ya mafaili. Yote yalianza kwa mstari mdogo wa chini. Kamera za namna ile, jina la faili likianza na mstari huo, ina maana mwenyewe wa kwanza aliiweka kwenye Adobe RGB. Akaingia kwenye menyu, akarudisha sRGB, na kamera ikafufuka. Angeiuza, leo angekuwa anawapiga picha wageni kwa simu ya mkopo.

Tafadhali, kabla hujalaumu chombo, uliza kipimo.

Kuna na hili la kompyuta. Kompyuta nayo ina profaili ya kioo chake, na wakati mwingine inayowekwa ni mbovu. Hapo programu moja ya kuangalia picha itakuonyesha nyeupe yote kuwa ya njano, na programu ya pili, kwenye kompyuta hiyohiyo, itakuonyesha nyeupe safi. Mwenye haraka anaishika picha na kuanza kuitoa unjano usiokuwamo. Akimaliza, kwake ni nyeupe. Kwa wengine wote duniani ni ya bluu.

Simu yako nayo ina ujanja wake. Jioni inajiwekea mwanga wa usiku ili isikuumize macho, kila kitu kinakuwa cha njano. Chaji ikipungua inapunguza mwanga, na kila uso unakuwa na giza. Ukiwa nje juani huoni kitu, ukiingia ndani unaona vingine. Na simu nyingi zinatoka dukani zimewekwa rangi kali, kwa sababu mnunuzi anapenda kinachowaka. Katika hayo yote faili halijaguswa hata nukta. Wewe ndiye utakayeligusa, na hapo ndipo ninapokushika mkono.

Nikupitishe haraka kwenye lile la picha kulala. Unapiga picha umesimamisha simu, kwako imesimama, stesheneri inalala ubavu. Kamera haikuigeuza. Iliandika namba zake kama ilivyozoea, ikaacha maelezo pembeni: atakayefungua aigeuze. Programu nyingi za zamani hazisomi maelezo hayo. Igeuze huko huko kwenye nakala, usilaumu mtu.

Kubwa zaidi ni la kanga na vitenge. Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Kioo cha kompyuta mpakato nyingi kina nukta 1,366 kwa 768, kama milioni moja. Maana yake nukta zaidi ya 11 zinagombania kiti kimoja. Programu yenye haraka inachagua moja na kuzitupa nyingine. Programu yenye subira inazichanganya zote na kutoa wastani. Kwenye ukuta mtupu huoni tofauti. Lakini kwenye kanga yenye vidoto, au shati la mistari myembamba, ile yenye haraka inakuletea mawimbi ambayo hayapo kwenye nguo wala kwenye faili. Ukiikuza picha hadi ukubwa wake halisi, yanapotea.

Nimeona kijana akirudisha fedha za watu kwa mawimbi hayo. Shangazi wa bibi harusi aliketi mbele ya kompyuta, akaona kitenge cha sare kinacheza, akasema picha zimeharibika. Kijana hakujua la kujibu. Angebonyeza mara moja tu kukuza, kelele zingekwisha. Alirudisha fedha, akafuta picha kwa hasira, na ile familia hadi leo haina picha ya siku ile. Haraka ya kufuta huzaa uzee wa kutafuta.

Msidhani sisi wa enzi za mkanda tulikuwa malaika. Negativu ileile ukiipeleka kusafishwa maabara mbili, ilirudi na sura mbili. Huyu kaleta wekundu, yule kaleta ukijani. Tofauti yetu na ninyi ni moja. Negativu ilibaki kwenye bahasha. Picha ikitoka mbaya unairudisha isafishwe upya. Hakuna fundi aliyeweza kukuharibia picha ya mtoto wako moja kwa moja.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linagusa ngozi zetu.

Kodak walikuwa wakisambaza kwa maabara kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Fundi aliiweka mashine sawa mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, halafu ndipo akasafisha picha zenu na zetu. Mtu mweusi akisimama na mweupe kwenye picha moja, mweusi alibaki meno na macho. Watafiti waliozungumza na watu wa Kodak wameandika kuwa kilichoisukuma kampuni kuzitazama vizuri rangi za kahawia ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na wauza samani, wasioridhika na picha za bidhaa zao. Chokoleti, mjukuu wangu! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Na mwaka 2021 Google ndio wakatangaza kwamba simu yao ya Pixel 6 wameifundisha upya kuzipiga picha ngozi nyeusi kwa haki.

Kwa hiyo ukiona simu imekutoa na giza kuliko ulivyo, si wewe mwenye kasoro. Huenda kamera haijafundishwa vizuri. Huenda kioo kimepunguza mwanga. Huenda programu haikusoma profaili. Sababu ni nyingi, na hakuna hata moja inayokutaka ujipake weupe.

Lakini mnajipaka. Simu nyingine inajipakia yenyewe, imekuja na filta ya urembo imeshawashwa tangu dukani. Inalainisha shavu, inachonga kidevu, inapunguza weusi. Mnazoea sura hiyo. Picha halisi ikitokea mnaikataa, mnaifuta.

Sitaki kukutisha, lakini nitakuambia ninachokiona misibani. Mtu anafariki, ndugu wanatafuta picha ya kuweka mbele na kwenye tangazo. Wanapekua simu yake. Picha ni mia kadhaa, zote za filta. Mama mzazi anatazama moja, anatazama nyingine, anauliza: huyu ni nani? Wanaishia kukata picha ya kitambulisho, ile ndogo, na kuikuza mpaka inavunjika. Binti aliyepiga picha maisha yake yote anazikwa kwa picha ambayo hakuichagua.

Ninakusihi kwa mara nyingine. Piga na filta ukipenda, ni ujana, nasi tulikuwa na wetu. Ila kila siku ya maana piga na moja ya hivihivi, na hiyo usiiguse.

Sasa njoo shambani.

Siku hizi jani likiugua unalipiga picha, unamtumia bwana shamba kwa WhatsApp. Ni jambo zuri, yule bwana ana vijiji vingi na pikipiki moja. Lakini fikiri anachokipokea. Wewe umeipiga jioni, jua limekuwa la rangi ya chungwa. Simu yako imekoleza kijani yenyewe. WhatsApp imeipunguza picha ili ipite haraka. Yeye anaifungua usiku, kioo chake kimejiwekea unjano. Kati ya jani na jicho lake rangi imebadilishwa mara nne, na rangi ndiyo anayoihukumu.

Hindi lenye njaa ya naitrojeni linaanza unjano kwenye majani ya chini, unaingia kutoka nchani ukifuata uti wa jani. Likikosa fosforasi linakuwa na uzambarau. Likiwa na ugonjwa wa milia lina vistari vyembamba vyeupe-njano vinavyokatikakatika. Kioo kikidanganya kidogo tu, uzambarau unakuwa kahawia na vistari vinafutika. Bwana shamba anasema weka urea. Unakopa, unanunua mfuko wa kilo 50, unamwaga kwenye mahindi yenye virusi ambavyo urea haivigusi. Mavuno yakija unadaiwa na gunia huna. Nani utamlaumu? Bwana shamba alisema kweli juu ya jani aliloliona. Jani aliloliona silo lililokuwa shambani.

Watu wa mpunga wana kadi ya plastiki kutoka kwa watafiti wa mpunga wa IRRI kule Ufilipino, ina vipande vya kijani vilivyopangwa kuanzia kilichofifia hadi kilichokolea. Unaishikanisha na jani, unalikinga jua kwa mwili wako, unaona mpunga una njaa kiasi gani. Hawakuachia kumbukumbu ya jicho, waliweka kipimo pembeni ya jani. Jifunze hapo. Unapolipiga jani picha, weka karatasi nyeupe ya daftari ubavuni mwake, ndani ya picha. Anayepokea akiona karatasi ni ya njano, atajua na jani limeongezewa unjano. Karatasi haina gharama.

Na kwenye mihogo ipo programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA. Inatambua batobato na michirizi ya kahawia hata pasipo intaneti. Inakutaka usimame shambani, uelekeze kamera kwenye jani lenyewe. Ukiwa na shaka, nenda hivyo, au beba jani lenyewe, ulipeleke kwa wataalamu wa kilimo pale Ilonga. Jani mkononi halihitaji profaili.

Kwa mtoto mchanga sitaki mjadala. Ukimwona mtoto macho yana unjano, usimpige picha ukawatumia ndugu mjini wakuambie ni kawaida. Mfunge mgongoni uende zahanati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipotaka kutumia simu kupima manjano ya watoto, walilazimika kumwekea mtoto kadi maalumu ya rangi kifuani au tumboni, kwa sababu walijua simu peke yake haiaminiki. Waliosoma wanaogopa. Wewe unapata wapi ujasiri? Tafadhali, mwanangu, kwa mtoto hapana.

Liko moja zito kuliko yote, nalo ninalisema kwa sababu tunakaa Rudewa.

Desemba mwaka 2000, pale Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wewe hukuwapo. Waliozika wapo, unasalimiana nao. Wakati ule simu za picha hazikuwapo mikononi mwetu. Huwa ninawaza ingekuwaje kama zingekuwapo.

Udongo wetu unajua ulivyo mwekundu ukilowana. Picha ya dimbwi la tope, kwenye kioo kilichokolezwa rangi, mtu anaweza kuapa ni damu. Ng'ombe aliyepita shambani jioni, ukiongeza giza kidogo, anakuwa kundi la usiku. Anayeituma kwenye kundi la WhatsApp pengine hakudanganya. Aliona hivyo kwenye kioo chake. Anayeipokea anaikoleza zaidi ili ionekane vizuri, anaisukuma mbele. Ikifika kijiji cha tatu si picha tena, ni kiberiti.

Na kwenye baraza inakuumiza wewe mwenye haki. Umepeleka picha ya mahindi yaliyoliwa. Mwenzako anatoa picha hiyohiyo kutoka simu nyingine, rangi tofauti, mwanga tofauti. Wazee wa baraza wanauliza ipi ya kweli. Ukiwa na faili la kwanza, lenye tarehe na saa ndani yake kama kamera ilivyoandika, unalitoa na unasikilizwa. Ukiwa na ile iliyozunguka WhatsApp, maelezo hayo yameshaondolewa. Utasema mengi, utaambiwa picha zenu zote mbili hazieleweki, nendeni mkapatane.

Ninakuomba, ukipiga picha ya ushahidi, usiikoleze, usiifupishe, usiitume kwanza kwa marafiki. Ihamishe kama ilivyo.

Ujue pia kinachotokea ukihifadhi tena na tena. JPEG, mfumo uliopo tangu mwaka 1992, unapunguza uzito wa faili kwa kutupa mambo ambayo jicho halitayaona haraka. Kufungua na kutazama hakuharibu kitu, hata mara elfu. Lakini kila ukihariri na kuhifadhi upya, inatupa tena. Mara ya kwanza huoni. Mara ya kumi, kando ya uso kunakuwa na vumbi, na anga inakatika vipande. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Sisi wa Kilosa tumeshapoteza vya kutosha kwa maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale yaliyoing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, yaliingia majumbani mwa watu. Albamu ikilowana kurasa zinagandana, ukizibandua unabandua na nyuso. Yale yalikuwa ya Mungu. Haya yenu mnayafanya kwa kidole, mmekaa kivulini.

Utaniuliza, babu, basi nifanye nini? Si mambo makubwa. Tenga folda moja uiite Asili. Kila picha ikitoka kwenye kamera iingie humo kwanza, na humo hakuna kuhariri. Unayotaka kuipamba, toa nakala. Kamera yako iweke kwenye sRGB, maana wateja wako wote wanatazama kwa simu na stesheneri za huku hazina vioo vya gharama. Ukitaka kuhukumu rangi, zima mwanga wa usiku, ongeza mwanga wa kioo, kaa kivulini, na ufungue faili hilo kwa programu mbili. Zikitofautiana, jua tatizo liko kwa wasomaji, acha picha ilivyo. Ukimtumia mtu picha ya maana kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, itafika nzima. Na wenye iPhone mjue kuwa tangu mwaka 2017 simu zenu zinahifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao kompyuta nyingi za zamani hazifungui kabisa. Toeni nakala ya JPEG kabla hamjapanda bodaboda, si mkifika Kilosa ndipo mnaanza kupiga simu nyumbani.

Na pale stesheneri usikubali kusafishiwa picha ishirini kwa mkupuo. Lipia moja. Itoe nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya dukani, uitazame na mwenye harusi akiwepo. Ile bluu ya nyuma ya picha za pasipoti nimeiona ikitoka ya zambarau kwenye printa moja na ya kijani kwenye nyingine siku hiyohiyo. Printa nayo ni msomaji, ina wino wake na mashaka yake. Akikuambia kwenye kompyuta yangu iko sawa, mwambie kwa adabu kwamba hununui kompyuta yake.

Ninajua utacheka. Vijana mnacheka, mnasema mzee anaogopa simu. Siogopi simu, ninayo. Ninachokiogopa ni kidole chako.

Mwezi ujao una harusi ya Dumila, ya kwanza kulipwa fedha ya maana. Ukirudi usiku ule usikae kuzipamba kitandani. Zihamishe kwenye ile kompyuta ya kaka yako na kwenye flashi, kisha kadi ya kamera itoe uniletee mimi, nitaifunga kwenye sanduku langu hadi watu wa harusi wapokee albamu yao na kuridhika. Kwa harusi inayofuata tafuta kadi nyingine. Kama fedha ya kadi ya pili huna, sema mapema, nitauza kuku.